Shajara ya mradi: kitabu chenye picha zinazoweza kuondolewa

Januari, wiki ya tatu

Tumeanza. Tunataka kitabu chembamba cha kufundishia upigaji picha unaomheshimu anayepigwa. Kitakuwa kwa Kiswahili, kwa wale wanaokitumia Uganda hii kila siku: familia za kambi za polisi na jeshi, kama Nsambya nilikokulia, Wanubi wa Bombo, wachuuzi wa mpakani Malaba na Busia, Wakongomani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Vitabu vya kamera havijapungua duniani. Vingi huanza na lenzi, vikafuata na mwanga, halafu suala la ruhusa likachomekwa mwishoni karibu na faharasa. Sisi tunaanza na ruhusa. Lenzi itasubiri zamu yake.

Kundi limechanganywa makusudi. Wapo vijana wa picha za harusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba), mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mzee mmoja wa studio aliyesafisha filamu kwa mikono yake miaka mingi, na vijana kutoka Nakivale wanaoishi kwa picha za pasipoti. Wapo pia akina mama wa kikundi cha akiba cha Katwe, hapa Kampala. Hawa hawashiki kamera kabisa, ila wamepigwa picha mara nyingi kuliko sisi wote, maana kila mgeni akija kukitembelea kikundi haondoki bila picha. Wao ni wahariri kamili. Sentensi wanayoikataa inaondoka.

Rasimu iko kwenye faili moja la pamoja mtandaoni, na kila badiliko linabeba jina la aliyelifanya. Asiye na bando anatuma sauti kwa WhatsApp na mwalimu anaiandika neno kwa neno. Mpaka sasa aya nzuri zaidi zimeingia kwa sauti. Wanaochapa wenyewe wanaandika kama barua ya maombi ya kazi.

Januari, mwisho

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya chanzo cha kanuni. Mmoja wetu alileta miongozo ya mashirika, imepigwa chapa vizuri, yenye maneno mazito. Mzee wa studio akasikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kusimulia kazi yake.

Mteja alikuja ameoga, amevaa, amechana nywele. Alichagua pazia la nyuma: la maua, la ndege, la ghorofa. Alichagua kusimama au kukaa, na kama redio iwe mezani au mapajani. Alilipa, akaondoka, akarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha. Ikimkaa vibaya aliikataa, na mzee alirudia kwa gharama yake. "Mimi nilikuwa namwogopa mteja," alisema. "Siku hizi mteja ndiye anaiogopa kamera."

Mle ndani mna karibu kila kitu kilichokuwa kwenye ile miongozo: kujiandaa, kuchagua, kuona, kukataa, kupata nakala yako. Kwa mzee hayo yalikuwa desturi ya biashara tu. Tulipojiuliza yalipotelea wapi, mama mmoja wa akiba alijibu haraka kuliko sisi: yalipotea siku anayelipa alipokuwa mtu mwingine. Mteja wa studio alilipia sura yake mwenyewe. Picha ya mama kwenye ripoti ya mradi inalipiwa na mtu asiyeonekana ndani yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kitabu ni: "Nani analipia picha hii, na anaitaka ya nini?"

Studio nazo hazikuwa malaika. Negativu, yaani filamu zenyewe zinazotoa picha, zilibaki kwa mwenye studio, zimepangwa kwa namba kwenye maboksi, na mzee anazo hadi leo. Wajukuu wa wateja wake wanamtafuta. Tangu 2011 mradi wa History In Progress Uganda, ulioanzishwa na Rumanzi Canon na Andrea Stultiens, umekuwa ukikusanya na kusambaza picha za zamani za nchi hii, za studio na za majumbani, kwa hiyo maswali ya picha hizo ni za nani yana watu wanaoishi nayo muda mrefu. Tutaandika sehemu fupi kuhusu maboksi hayo. Mzee mwenyewe ameomba iwe fupi.

Februari, wiki ya pili

Siku ya kusoma. Kila mtu alileta picha moja maarufu iliyopigwa Uganda, tukaijadili bila haraka. Iliyotuchukua asubuhi nzima ni ile ya Karamoja ya 1980: kiganja cha mtoto aliyekonda kwa njaa kimelala ndani ya kiganja cha mmisionari. Aliipiga Mwingereza Mike Wells, na ikawa picha ya mwaka ya World Press Photo.

Watu wengi hawajui kilichotokea nyuma yake. Jarida lililopewa picha hiyo lilikaa nayo miezi mitano bila kuichapa, kisha likaipeleka mashindanoni. Wells mwenyewe alisema aliona aibu kushinda, kwani hakuipeleka yeye na hakupenda zawadi zitokane na picha za watu wanaokufa njaa. Inaonyesha kwamba mpiga picha anaweza kuwa na dhamiri safi na bado picha ikapita mlango ambao hakuufungua. Maelezo yaliyosambaa nayo yana neno mtoto na neno mmisionari. Jina hayana.

Kijana wa Nakivale akauliza kama tutaichapa. Kura ilikuwa ya haraka: hapana. Tutaieleza kwa maneno, na chini yake tutaweka zoezi. Mwanafunzi anaandika maelezo ya picha akiwa amekaa na mtu aliye ndani yake, na huyo mtu anasoma au anasomewa kabla ya nukta ya mwisho.

Tukagusa pia Lira, Machi 2012. Video ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ilikuwa imetazamwa na mamilioni ya watu duniani kabla ya kuonyeshwa hadharani kwa watu wa kaskazini ambao waasi hao waliwakata viungo na kuwateka watoto wao. Walipoiona walikasirika, onyesho likaishia kwenye mawe. Hii imeingia kitabuni kwa aya moja tu. Mifano ya machungu ikizidi, mwanafunzi anafunga kitabu.

Februari, mwisho

Jaribio la kwanza la somo, Katwe. Hili naliandika kirefu kwa sababu limebadilisha mpango wetu.

Kijana mmoja wa harusi alimpiga picha mama wa chapati asubuhi mapema. Kwa jicho la kamera ni picha kali: mwanga unaingia kutoka upande wa barabara, unga umetanda hewani, mkono uko juu ya sigiri, na mayai ya rolex, ile chapati inayoviringwa na mayai, yamepangwa trei mbili nyuma yake. Tuliisifu sana. Kisha, kama somo linavyotaka, kijana akampelekea mama simu.

Mama alifuta vidole kwenye aproni, akaikuza picha. Usoni kwake alipita bila kusimama. Akashuka hadi kona ya chini kushoto.

"Mnaona miguu ya meza yangu? Imevuka mtaro. Askari wa jiji akiiona hii, kesho sina meza."

Akapanda juu tena, ukutani nyuma ya bega lake, palipoandikwa namba ya mobile money kwa rangi nyekundu. "Na hii namba ni ya shemeji. Ameshanikataza."

Halafu akapanga mwenyewe. Alisogea upande wa pili wa sigiri, akavua aproni, akaifunga kanga upya, akamwita binti yake aliyekuwa anakuna karoti, wakasimama. Kijana akapiga. Mwanga ukawa bapa, unga haupo, na kila mtu anatazama kamera kama kwa picha ya kitambulisho. Mama akaridhika. "Hii naweza kumtumia mama yangu kijijini."

Bado naona ile ya kwanza ni picha bora. Na bado nina hakika kwamba kitabuni inakaa ya pili, pamoja na maelezo ya yale aliyoyaona mama. Sisi tuliosomea fremu tulitazama unga, naye alitazama mtaro. Hakuna mhariri wa Kampala ambaye angeuona ule mtaro. Kuanzia leo hatumwonyeshi mtu picha yake kwa ajili ya adabu peke yake. Tunampa kazi ya uhariri, na tunamlipa muda wake kama tunavyomlipa mwalimu.

Machi, wiki ya kwanza

Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi haya yanapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na kupiga picha mle kunataka kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo tulitanguliza barua mapema.

Tulikuwa na fomu nzuri ya ridhaa, Kiswahili chepesi, herufi kubwa. Kila tuliyempa alitia sahihi au kidole gumba kabla hatujamaliza kuisoma. Tukadhani tumefanikiwa. Vijana wetu wa hapahapa ndio waliotuweka sawa: mkimbizi hutia kidole kwa mgao, kwa mkeka, kwa dawa, kwa sensa. Mgao umepunguzwa miaka hii, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyemkatalia mgeni mwenye karatasi. Ile "ndiyo" haikuwa jibu la swali letu. Mama mmoja wa Bukavu, Kongo, aliuliza swali la maana kuliko fomu nzima: "Hii foto itafika wapi? Wale niliwakimbia wana simu."

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu akiwa ameelewa. Kwa karatasi tulikuwa tumetimiza. Kwa hiari, sijui ungeipimaje pale kwenye foleni.

Utaratibu mpya, ambao sasa ndio sura ya pili. Siku ya kuomba si siku ya kupiga, na anayeomba ni jirani, bila kamera begani. Swali linarudiwa picha ikiwa imeshachapwa na imeshikwa mkononi, kwa kuwa mtu hawezi kukubali kitu ambacho hajakiona. Na kila anayekubali anapewa kadi ndogo yenye namba ya picha yake na namba ya simu ya kutuita aikatae, leo au mwakani.

Swali la yule mama limezaa pia ukurasa wa kiufundi. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, hadi karibu na mlango. Zima huduma ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza kazi. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama hati ili isipungue ubora, zinakwenda nayo zote. Vijana wa pasipoti hawakujua hili, na wao hutuma kama hati kila siku.

Machi, wiki ya pili

Kuhusu Kiswahili chenyewe. Mama mmoja wa akiba, mwenyeji wa Luwero palipopiganwa vita miaka ya 1980, alisema wazi kwamba akiitwa kwa Kiswahili na mtu asiyemjua, moyo wake bado unakwenda kwa wanajeshi wa vizuizi vya barabarani, waliokuwa wakisema Kiswahili, hata baada ya miaka yote hii. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, lakini masikio ya watu hayaendeshwi na baraza. Mwalimu wetu hakufurahi kusikia hivyo. Hata hivyo kanuni imepita: kitabu ni cha Kiswahili, ila ruhusa inaombwa kwa lugha ya anayeombwa. Kama huijui, nenda na anayeijua.

Machi, wiki ya tatu

Leseni. Hapa tuligombana kweli.

Tangu mwanzo tulisema kitabu kiwe huru: shule yoyote inakili, ifasiri Luganda au Acholi, ichape upya. Leseni za Creative Commons, ambazo humruhusu kila mtu kunakili kazi bila kuomba, zinafaa kabisa kwa hilo. Tatizo ni kwamba ukishaitoa kazi kwa leseni hiyo huwezi kuirudisha. Aliyeipokea anaendelea kuwa na haki zake. Nasi tumempa mama wa Bukavu kadi yenye namba ya simu tukamwambia anaweza kukataa mwakani. Ahadi hizo mbili haziwezi kukaa jalada moja.

Isitoshe, leseni inahusu hakimiliki, na kwa kawaida hakimiliki ni ya mpiga picha. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inamlinda mwenye kamera. Aliye mbele ya kamera inabidi atafute ulinzi kwingine. Kuifanya picha "huru" ni kugawa kitu ambacho nusu yake si yako.

Vijana wa harusi walitaka tufute kipengele cha kukataa baada ya kuchapwa. Akina mama walitaka tufute leseni. Uamuzi: maandishi yote ni huru kwa CC BY-SA 4.0, moja ya leseni hizo (taja waandishi, na utakachotengeneza kiwe huru vivyo hivyo), beba ukafasiri. Picha haziko chini ya leseni hiyo hata moja, na kila ukurasa wenye picha unasema hivyo. Atakayekifasiri kitabu atapiga picha zake mwenyewe, na watu wake mwenyewe, kwa utaratibu wa sura ya pili. Naona hilo limekiimarisha kitabu. Anayetaka kukinakili analazimika kufanya zoezi lake kwanza.

Aprili, wiki ya kwanza

Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, na kelele zake. Fundi wa uchapaji ana mashine ya ofseti ya zamani na subira ndogo. Tulimweleza kwamba tunataka kitabu cha A5 cha kushonwa kwa pini katikati, na kwamba wakati wowote, hata baada ya nakala za kwanza kutoka, picha inaweza kuondoka.

Akachukua karatasi ya A4, akaikunja mara moja, akaandika namba kwa kalamu ya bluu kwenye kurasa nne zilizopatikana. Kisha akachomeka nyingine ndani yake, akaandika tena. Ukurasa wa pili ulikuwa karatasi moja na ukurasa wa pili kutoka mwisho. "Ukichomoa huu, umechomoa na ule," alisema. "Na ukibadilisha picha, nabadilisha bamba la kuchapia. Bamba ni pesa."

Kwa hiyo ilibidi umbo lenyewe lifuate ahadi. Kitabu ni maandishi na michoro ya kalamu, kimeshonwa, hakibadiliki. Picha zimechapwa pembeni kwenye kadi nene, kila moja na namba yake, na zinakaa kwenye bahasha iliyogundishwa ndani ya jalada la nyuma. Ndani ya kitabu kuna mahali pa kila kadi, pamoja na aya inayosomeka yenyewe hata kadi isipokuwepo. Mtu akikataa picha yake, kadi hiyo haichapwi tena, na kila kituo chenye nakala kinapigiwa simu kiitoe.

Darasani kadi zina faida ambayo hatukuitarajia: mwalimu anazitandaza mezani, wanafunzi wanazipanga upya, wanabishana. Fundi alitoza zaidi kwa bahasha. Haki yake.

Aprili, wiki ya tatu

Sura ya mwanga, hatimaye. Mzee wa studio ameiandika kwa sauti karibu yote. Filamu za rangi za zamani zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe, na Kodak walikuwa wakisambaza maabara kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Ndiyo sababu kwenye albamu za zamani gauni la bibi harusi linang'aa na uso wake umezama. Simu za leo ni afadhali, ila bado huhangaishwa na kitu cheupe kikubwa kwenye fremu. Dawa ya mzee: mtoe bibi harusi juani umweke kwenye kivuli chepesi kinachotazama anga, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, na uache gauni lipotee kidogo. Watu hawaoi gauni.

Umeme umekatika tena, tumehifadhi.

Mei, wiki ya kwanza

Sura ya mwisho inahusu mtu asiyeweza kukataa: mtuhumiwa, mgonjwa, mtoto, maiti. Mfano tulioutumia uko kwenye kumbukumbu ya shirika la utangazaji la taifa, ambako mwaka 2015 ziligunduliwa takriban negativu 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin. Baadhi yake zilionyeshwa Uganda Museum mwaka 2019. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali. Mna sherehe, mikutano, na watuhumiwa wa magendo waliosimamishwa mbele ya kamera. Mateso ya watu hayamo, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuyapiga. Zoezi: tazama picha ya leo ya vijana waliopangwa mstari mbele ya waandishi kabla hata ya kufikishwa mahakamani, kisha uliza swali la kwanza la kitabu. Kwa watoto tumekwenda na sheria ya 2019 inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi, na tukaongeza kwamba mtoto mwenyewe akigeuza uso, kazi imeisha.

Mei, wiki ya tatu

Simu ya kwanza ya kukataa imepigwa. Ni kijana wa bodaboda, kadi namba saba, ile ya mvua ambayo wote tuliipenda. Ameacha stendi, amepata kazi ya ulinzi, na mwajiri hataki sura yake izagae. Kijana aliyempiga picha alimbembeleza kwa muda mrefu mpaka mama wa akiba akamnyang'anya simu. "Mwanangu, tumekusikia. Imetoka." Mchana huohuo tuliitoa kwenye nakala za Katwe na kuzipigia shule zile nyingine. Kwenye faili la kusomea mtandaoni tumepandisha toleo jipya, na aya ya namba saba imebaki kama ilivyokuwa.

Kilichobaki: jibu la shule ya Bombo kuhusu bahasha zake, michoro ya sura ya tatu ambayo bado ni dhaifu, na kikao na akina mama kuamua jina la kitabu. Mapendekezo ya vijana wa harusi yamekataliwa yote.